Ngata ya Mama

Katekista alisema mama yangu ametuliwa mzigo. Alisema kanisani, akasema tena kaburini, na jioni nyumbani, baada ya kula ugali wetu na samaki wetu, akaona maneno yake bado ni matamu, akayarudia. "Mama yetu ametuliwa mzigo wake na Bwana." Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani pamoja na wanawake wengine wazee, nikahisi hasira ya kutaka kumrushia kijana wa watu bakuli. Kijana mwenyewe hana kosa. Amezaliwa na kukuta pikipiki ziko barabarani, na mzigo kwake ni kitu cha kufungwa nyuma ya kiti kwa mpira.

Labda ningenyamaza na kulala nayo, kama si ile harufu. Wanawake wa kijiji chetu cha Wamaza na wa vijiji vya jirani walikuwa wamekuja matangani na unga, muhogo na kuni, vyote kichwani, na ngata zao walizirundika kando ya mlango. Siku hizi ngata nyingi ni kitambaa tu, kipande cha kitenge kikuukuu kilichosokotwa mviringo. Lakini wachache bado wanasokota majani makavu ya mgomba, na majani hayo yakinywa jasho la kichwa yanatoa harufu ambayo ninyi wa umri wangu mnaijua, harufu ya nyasi iliyonyeshewa na ya nywele za mtu. Nilipopita pale mlangoni kwenda kunawa, ikanikamata puani. Nikasimama na mikono yangu michafu, na nikawa mtoto tena.

Ukweli ni kwamba mama yangu hakutuliwa mzigo na mtu yeyote tangu nilipokuwa ninabadilisha meno. Wote waliomjua wanakumbuka tabia yake hiyo, na wengi walidhani ni kiburi. Alikuwa akirudi shambani na kapu la muhogo, anasimama katikati ya uwanja, anakunja magoti, anainamisha kichwa upande mmoja na kuliachia kapu lianguke. Puu! Muhogo unatawanyika, kuku wanakimbia, kapu linapasuka. Baba aligomba juu ya makapu hayo mpaka akachoka. Wake za wadogo zangu, walipokuja wageni nyumbani kwetu, walifanya kama mkwe yeyote aliyelelewa vizuri: walimkimbilia kumpokea. Mama aligeuka na kapu lake akasema, "Acha." Mmoja alilia siku nzima akidhani amechukiwa. Sikumweleza. Habari hiyo hatukuwa tukiieleza, na hilo pia linaniudhi leo.

Kwetu, upande huu wa Kabambare, mtu aliyebeba mzigo hakuamkiwa. Unaweza kumwona mjomba wako anakuja kwa mbali, hujamwona tangu mvua zilizopita, na usifungue kinywa. Kwanza unakwenda kumtua. Unashika mzigo kwa mikono miwili, unasema "leta," unauweka chini. Kisha unamwondolea ngata kichwani kwa mkono wako mwenyewe na kuitundika kwenye mti wa upenu wa nyumba yako. Ngata ikishatundikwa, huyo ni mgeni wako mpaka aichukue mwenyewe, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Na aliyeondoa ngata ndiye anayeamkia kwanza, ndiye anayetoa maji, ndiye anayeulizwa habari za nyumbani na kuzijibu. Wengine wote wanangoja. Mtoto wa kwetu alijua haya kabla hajajua kuosha sahani.

Siku ile mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mbele ya nyumba. Baba alikuwa ameondoka kwenda kwenye machimbo ya bati, kama wanaume wengi wa kijiji. Ndani alikuwemo Amuri, mdogo wangu, aliyekuwa bado hajaota jino hata moja, pamoja na mama wa baba, ambaye sote tulimwita Tate. Ukapita msafara wa mzungu wa pamba, aliyekuwa akizunguka kuangalia kama mashamba yetu yamelimwa kama serikali ilivyoamuru. Mbele alikwenda polisi mwenye kofia nyekundu. Nyuma yake ikaja tipoyi, kiti chenye miti mirefu, kimebebwa mabegani na wanaume, na mzungu ndani yake amelala, kofia imemfunika uso. Nilimwona mdomo wake tu, uko wazi. Kisha wakaja wapagazi, wamejipanga, wana meza, wana kitanda, wana masanduku. Wa mwisho alikuwa kijana mwembamba aliyebeba beseni kubwa la bati la kuogea, na ndani ya beseni vimejazwa viatu, sufuria na chupa. Nilisikia chupa zikigongana kabla sijamwona yeye, kwa sababu alikuwa anayumba.

Alisimama mbele ya uwanja wetu. Hakuomba kitu. Macho yake yalikuwa mekundu na miguu inamtetemeka. Mama akaegemeza mchi, akafuta mikono, akamwendea. "Leta, baba," akasema. Akalishika lile beseni, likamlemea, akaliteremsha mpaka chini. Akamtoa ngata, akaitundika upenuni, akamwamkia, akanituma maji. Kijana akanywa, akasema ametoka Nyangwe, akasema jina lake ni Saidi, kisha akalala ubavu pale pale kwenye udongo na kuanza kutetemeka kwa homa. Mimi nilifurahi, kwa sababu mgeni kwetu maana yake ni kuku.

Polisi alirudi nyuma kutafuta beseni lake. Akamsukuma yule kijana kwa mguu, akaona hasimami. Akauliza, "Nani amemutua huyu mutu?"

Mama akajibu bila kusita, hata kwa fahari kidogo, kama mtu anayejibu swali lenye jibu zuri. "Ni mimi, baba."

"Basi muzigo ni wako. Beba."

Mama alicheka. Nakumbuka kicheko kile. Alidhani ni utani wa watu wa safari. Kapita wa kijiji chetu, msimamizi wa kazi za serikali, aliyekuwa amefuata kuona kuna nini, hakucheka. Aliangalia vidole vya miguu yake.

"Niko na mutoto wa kunyonya," mama akasema alipoelewa.

"Mutoto iko wapi?"

"Iko mu nyumba."

"Muache mu nyumba. Hakuna mutu alikulazimisha. Wewe mwenyewe ulimutoa mutu wa serikali muzigo. Nani atabeba? Mimi?" Kisha akalainisha sauti, akawa kama mtu mwema. "Kijiji cha mbele watu watakupokea. Mangaribi utakuwa umerudia kwako."

Tate alitoka na Amuri mikononi. Alipiga magoti mbele ya polisi, mwanamke wa umri ule, akasema atabeba yeye. Polisi akamwambia ainuke asimchezee. Mama akamchukua Amuri akamnyonyesha akiwa amesimama, ziwa moja, kisha la pili, na polisi akagongagonga beseni kwa fimbo yake mpaka mtoto akashtuka na kuachia. Tipoyi ilikuwa imeshapotea kwenye kona. Sijui kama mzungu yule aliamka. Sijui kama aliwahi kuuliza beseni lake limefikaje, na kwa kweli naamini hakuuliza, kwa kuwa jioni alikuta maji ya moto ndani yake.

Kuna jambo moja ambalo nikilifikiri nataka kupiga kelele hata leo. Ngata ya Saidi ilikuwa inaning'inia upenuni, karibu na kichwa cha mama, imeshasokotwa vizuri, imeshika umbo. Hakuigusa. Ilikuwa ngata ya mgeni. Alikwenda kwenye migomba nyuma ya nyumba, akachuma majani makavu, akarudi akisokota, akajitengenezea yake huku polisi akimtukana. Watu walimvunjia heshima mbele ya mtoto wake, naye bado akalinda heshima ya mtu asiyemjua aliyelala udongoni. Kisha akatuangalia, kwa sababu mtu hawezi kuweka mzigo wa namna ile kichwani peke yake. Tate na mimi ndio tuliomtwika.

Kijiji cha mbele hawakumpokea. Watu walikuwa wamesikia msafara unakuja, wakakimbilia msituni na watoto wao na mbuzi wao, wakaacha moto jikoni. Vivyo hivyo kijiji kilichofuata. Nilipokuwa msichana niliwachukia watu wa vijiji hivyo kiasi kwamba nilikataa kuolewa huko. Sasa siwachukii. Sisi tungesikia mapema, tungekimbia pia.

Jua likazama, mama hakurudi. Lililofuata likazama, hakurudi. Na mimi, katika akili yangu ya mtoto, nikaikamata ile sheria ya polisi na kuielewa kuliko alivyoielewa yeye. Anayemtua mtu ndiye anayebeba. Basi dawa ni rahisi: mtu aende akamtue mama, mama atakuwa huru, atarudi kumnyonyesha Amuri. Kwa nini watu wazima hawaoni? Nikasokota ngata, kubwa kuliko kichwa changu, nikaenda kukaa kando ya barabara. Nilikaa huko kutwa, ngata kichwani, shingo nimeikaza ili isije ikavunjika nikipewa beseni. Wapita njia waliniuliza, "Faida, unangoja nini hapo?" Nikawajibu, "Ninangoja muzigo wa mama." Walipita. Mmoja alinipa karanga.

Nikirudi nyumbani nilimsumbua Saidi. Kwangu yeye ndiye aliyekuwa na deni. Alilazwa jikoni, na Tate alimpa dawa ya majani na uji, kwa sababu mgeni ni mgeni, na ngata yake ilikuwa upenuni kwetu. Niliangalia kila kijiko kilichoingia kinywani mwake. "Umepona?" nilimuuliza. "Bado, mutoto." "Unakula sana kwa mutu mugonjwa." Tate alinichapa kwa ajili ya maneno hayo. Saidi hakukasirika. Aligeuza uso ukutani.

Amuri alilia kwa njaa, kisha kwa hasira, kisha akalia kilio kidogo ambacho kilinifanya nitoke nje. Jirani yetu aliyekuwa ananyonyesha alimpa ziwa asubuhi kabla ya kwenda shambani na jioni aliporudi. Mchana alikuwa kwenye pamba kama wote, kapita amesimama ukingoni mwa shamba, na pamba haikuwa na ruhusa ya kungoja. Mchana kutwa Tate alimpa Amuri uji wa ndizi kwa kidole. Tumbo la mtoto likakataa. Akaanza kuharisha, akawa mwepesi mikononi mwetu, ngozi yake ikawa kavu, utosi ukabonyea. Nilimwambia asubiri kidogo tu, mama anakuja, ni suala la kumtua.

Alikufa asubuhi, Tate akimwimbia. Sitaeleza zaidi ya hapo. Ndugu yangu alikufa ili mtu mmoja aoge. Nimetafuta namna nyingine ya kulisema jambo hili kwa miaka yangu yote na sijaipata, na katekista akitaka kulihubiri, na ahubiri hivyo hivyo.

Saidi ndiye aliyechimba. Alitoka jikoni akishika ukuta, akaomba jembe, na Tate akampa. Alichimba kwenye migomba nyuma ya nyumba, pale pale mama alipochuma majani, anachimba na kupumzika, anachimba na kupumzika. Baada ya kumweka Amuri, alinawa, akaja upenuni, akaichukua ngata yake. Hakuaga. Niliona mgongo wake ukienda upande wa Kabambare, nikadhani anatoroka, nikamrushia bonge la udongo likamkosa.

Hakutoroka. Hilo tulilijua baadaye, mama mwenyewe alipolieleza. Aliufuata msafara kwa miguu yake ya homa mpaka akaukuta umeshapita Kabambare, umeanza kurudi kwa njia nyingine, na mama bado ana beseni. Akamwendea akasema, "Leta, mama." Akabeba yeye. Polisi alitaka mtu wa kubeba tu, hakujali ni nani, akamwachia mama aende. Mama alimuuliza habari za nyumbani, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtua. Saidi alijibu kwamba alipotoka Tate alikuwa mzima na Faida alikuwa mzima. Mama alikuwa na haraka, hakusikia kilichopungua katika jibu hilo. Ngata ya mama ikabaki kichwani mwake, kwa sababu Saidi alikuwa na yake, na kwa sababu ngata haitundikwi barabarani.

Alirudi mchana, nami sikuwa barabarani. Tangu Amuri afe sikuona tena sababu ya kungoja. Nilisikia watu wananyamaza, kuanzia nyumba za mwanzo za kijiji, kunyamaza kukija upande wetu, nikatoka nje. Alikuwa anatembea haraka, karibu kukimbia, miguu imepasuka, kitambaa cha kifuani kimelowa maziwa. Kichwani hapakuwa na kitu, ila ile ngata ya majani ya mgomba, imebanwa bapa na uzito wa beseni. Akaingia uwanjani akasimama mahali ambapo mtu husimama ili apokelewe. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa amefika.

Hakuna aliyemsogelea. Tate alikuwa mlangoni, jirani aliyenyonyesha alikuwa karibu na kinu, kapita naye alikuwepo, na wanawake wengi zaidi, kwa sababu wote walikuwa wamemfuata. Nilidhani wamesahau adabu. Nilidhani labda hawajui la kufanya kwa sababu hana mzigo, ana ngata tu. Sikuelewa kwamba wanajua sana. Ngata ikiwa bado kichwani hakuna anayelazimika kumwamkia, na asipoamkiwa, hana wa kumuuliza. Kila mmoja wao alikuwa anamngoja mwenzake. Watu wazima wote wale, walionizidi nguvu na miaka, walikuwa wamesimama wanaangalia chini, na mama yangu anangoja kwenye jua, tabasamu linaanza kumtoka usoni taratibu, anaangalia mlango, anaangalia mikono ya Tate mitupu.

Niliona aibu kwa niaba yetu. Mama amerudi safari ndefu na hakuna hata mtu wa kumtua. Basi nikaenda mimi. Sikumfikia kichwa, ikabidi ainame. Nikasema "leta" kama nilivyofundishwa, nikaiondoa ngata kwa mikono miwili. Ilikuwa ya moto na imelowa, na ilinuka majani na nywele zake. Nikageuka kuitundika, nikasikia nyuma yangu mmoja wa wale wanawake akivuta pumzi kwa nguvu.

"Faida," mama akasema. "Mutoto iko wapi?"

Nikamwangalia Tate, Tate akafumba macho. Nikamwangalia kapita. Hakuna aliyefungua kinywa, na kwa desturi yetu walikuwa na haki ya kunyamaza, kwa sababu ngata ilikuwa mikononi mwangu, na mimi ndiye niliyekuwa nimemtua.